Nilitoa ndevu kwa laser miaka ya 90, zikaisha upande mmoja tu. Kilichonikuta kwenye msiba wa baba

Wakuu, habari za jumapili.

Naona vijana humu wanaulizia laser ya kuondoa nywele kama kitu kipya. Mimi nilishaifanya kabla wengi wenu hamjaanza shule. Nitasema yaliyonikuta kama yalivyokuwa, sina cha kuuza hapa.

Niliondoka Magu miaka ile ya ruksa, nchi ilipofungua milango ya biashara, nikafika Uingereza bila ndugu wala mwenyeji. Niliosha vyombo usiku, mchana nikasoma, hadi nikapata diploma ya majokofu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Hilo nalisema kwa kujivunia.

Tatizo langu lilikuwa kidevu. Kila nikinyoa, ndevu zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, vipele vinatoka, usaha juu. Wenzangu weusi mnanielewa.

Ndipo laser ikaanza kutangazwa. Nikaenda.

Dada wa kliniki alianza na shavu la kulia kwa nguvu kubwa. Ngozi iliungua, ikabaki na madoa, lakini ndevu hazikuota tena. Akaogopa. Kushoto akapunguza nguvu, na huko zikarudi zote. Akaniambia mashine zao zilitengenezwa kwa ngozi nyeupe, kwa hiyo twende polepole, session baada ya session.

Sikumaliza. Mwanza viwanda vya sangara vilikuwa vinafunguliwa, na kila kiwanda kinahitaji vyumba vya baridi. Nikapanda ndege.

Nikajenga Kiseke, hapo hapo Mwanza. Mtaa mzima dish la kwanza la TV lilikuwa langu.

Nyumbani Magu waliniuliza mbona uso wako laini hivyo. Nikawaambia kule nilikotoka kuna mashine ya mwanga, imemaliza ndevu zote, wembe nimeshausahau. Kaka yangu Masanja akacheka, akasema basi mimi ndiye mzee wa kwanza wa ukoo mwenye uso wa bibi harusi.

Ukweli ni kwamba shavu la kushoto nilikuwa nalinyoa kila asubuhi, mlango umefungwa. Naishi peke yangu, nani angejua?

Kisha baba akafariki.

Kwetu ukifiwa na mzazi, wembe haukugusi mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo shangazi anawanyoa wana wote, halafu mnakaa mkeka mmoja na kula sinia moja. Hapo ndipo ukoo unaona nani ni watoto wa marehemu.

Nililala chini na wenzangu siku zote za matanga. Ndevu za Masanja zikajaa. Zangu zikajaa kushoto. Kulia, ngozi tupu na madoa yake.

Watu wakaanza kunitazama, kisha wakaacha kunitazama. Hilo la pili ndilo baya.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliniita nyuma ya zizi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Unamlilia kaka yangu nusu?" akasema.

Nikamweleza habari ya laser tangu mwanzo. Nguvu kubwa, nguvu ndogo, ngozi nyeusi, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya nguzo ya zizi.

"Si ulituambia mashine ilimaliza zote? Sasa hizi za kushoto zimetoka wapi? Wewe unajinyoa, baba. Umejinyoa ndani ya msiba, ukaishiwa muda wa upande wa pili."

Wakuu, mimi ni mtu wa kuongea. Nimewahi kusimama mbele ya wazungu nikatetea kazi yangu kwa Kiingereza. Ila pale yale aliyoyashika yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Siku ya kunyoa tulikaa mstari mmoja uani. Shangazi akaanza na Masanja, akaenda kwa wadogo zangu, maji ya beseni yakijaa nywele, mimi nikiwa mwisho wa mstari. Alipofika kwangu alisimama. Alinishika kidevu, akanipapasa kulia, akanipapasa kushoto. Nilidhani ataanza.

"Kaa tu, mwanangu," akasema polepole. "Wewe umeshamaliza."

Akamwaga maji.

Wenzangu walikwenda mkekani. Mimi niliwekewa kiti na sahani yangu peke yangu, kijiko juu, pamoja na wageni waliotoka mjini. Nyama niliyopewa ilikuwa nzuri kuliko ya kwao. Sikuila.

Nikarudi Kiseke, nikasimama mbele ya kioo, nikajinyoa.

Miaka imepita. Baba mdogo naye ametangulia, Masanja tunapigiana simu sikukuu. Biashara yangu ipo, nashukuru. Ila shavu la kulia halijawahi kuota, na la kushoto halijawahi kukoma. Kila asubuhi nikishika wembe naona ninaondoa matanga ya baba, na kesho yake yamerudi.

Kwa anayetaka laser: uliza kama mashine yao inafaa ngozi yako, wajaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha, na usianze kama huna uhakika wa kuwepo hadi mwisho. Na matokeo usiyatangaze kwa ndugu kabla hujayaona mwenyewe pande zote mbili.

Aliyewahi kufanya aje aseme kwake ilikuwaje. Ikiwa kuna mwingine humu ilimgomea upande mmoja, ningependa sana kumsikia.