Karabai ya Baba Yapata Waya

Marehemu baba alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo kidogo cha ualimu, mbele ya Misigiri, na alipofariki hakuacha ng'ombe wala nyumba ya kujivunia. Aliacha karabai, taa ya mafuta ya kupiga pampu. Tangi lake la shaba lilikuwa limebonyea upande mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa misiba. Akifa mtu kijijini, Mkristo au Mwislamu, vijana walikuja kuichukua bila kuomba, maana baba alishasema msiba hauombi ruhusa. Matanga yakiisha ilirudi kioo kimefutwa, tangi limejaa mafuta. Hakuna aliyewahi kuandikiana hati ya kuazima na mtu.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, ya soko huria, na mkuu mpya akarudi kutoka semina ya Dar na neno jipya: urithi. Chuo sasa kilitakiwa kijiuze, alisema, utadhani ni marobota ya mitumba. Wafadhili walikuwa njiani, na mfadhili hafungui mkoba mahali pasipo na historia. Jenereta tulikuwa nalo, kapeti tulikuwa nalo, ila historia tulikosa. Ndipo aliponikumbuka mimi, mkufunzi wa sayansi, mtoto wa marehemu.

Mama aliitoa karabai shingo upande.

"Mwanangu, hii ni ya watu. Siku ya msiba irudi."

"Itarudi, mama," nikasema, nami nimeshaikumbatia.

Kamati ya Urithi ilikaa vikao vinne, vyote vya soda. Ikaamua kwamba mafuta ya taa ni ushamba, hivyo nitoboe tangi, nipitishe waya, nifunge balbu. Nilijua ninachotumwa. Tangi la karabai likitobolewa halishiki upepo, na bila upepo mafuta hayapandi. Nililifundisha hilo darasani kila mwaka. Lakini nafasi ya mkuu wa taaluma ilikuwa wazi na mimi niliitamani (niliipata, kama unataka kujua). Nikashika drili. Tukaifunga karabai kwa skrubu juu ya kigogo cha mninga kilichopakwa vanishi, ofisini kwa mkuu, na mbele kibao: URITHI WA MKUU WETU WA KWANZA. USIGUSE.

Wafadhili walipofika balbu iliwaka, na mkuu akasema marehemu angekuwepo angefurahi. Nilipiga makofi kuliko wote.

Haukupita mwezi, mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa akipepeta uwele pamoja na mama yangu, akafariki. Vijana hawakuhitaji kutumwa. Walikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu, wakakanyaga kapeti kwa miguu ya vumbi, wakachomoa waya na kuondoka na kila kitu, kigogo na kibao. Mkuu alinikuta darasani akihema.

"Mkufunzi, kaufuate urithi!"

Nilifika msibani jua linazama. Vijana wawili walikuwa wakipokezana pampu, wakitokwa jasho, na wa tatu ametega sikio kutafuta upepo unapotokea. Akina mama waliokaa kwenye mikeka waliwatazama. Mama yangu akainuka, akainama juu ya tangi, kidole chake kikalipata tundu.

"Nani katoboa?"

"Ni mimi, mama."

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, mbele ya watu wote, nijue yameisha. Aliwaambia vijana waifungue karabai kutoka kwenye kigogo, akaenda nyumbani kwetu, akarudi na koroboi yake ya kopo la maziwa. Akaiweka juu ya mninga na kuiwasha. Moshi ukaanza kukipaka masizi kile kibao cha usiguse.

"Kigogo kinafaa, tutabaki nacho mpaka matanga yaishe," alisema, akinikabidhi karabai na waya wake umeviringishwa vizuri. "Huu mpelekee mkuu wako, ndio urithi wake. Sisi tulikuwa na taa tu."

Nikatoka. Njiani nilipishana na watu wanaokwenda kulala msibani, na kila aliyeiona karabai ya baba mikononi mwangu aliniuliza swali lilelile:

"Mwalimu, mbona unaondoka nayo?"