Nimemposti Mama

Kwetu Ekerenyo mama mzazi tunamwita baba. Baba mwenyewe ni tata. Usiniulize kwa nini, nilizaliwa nikakuta hivyo. Nasema mapema ili ukiniona nimeandika "baba" usidhani ni mwanamume mwenye ndevu. Ni mama yangu, mchuma chai, mwenye sauti ya kumfukuza ng'ombe wa jirani shambani huku yeye yuko jikoni.

Siku ya mahojiano Nyamira nilivaa viatu vya kuazima. Ofisi ilikuwa ya watu wanaouza ng'ambo chai ya wakulima wadogo, na walitaka mtu wa kuandika kwa Kiingereza kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Kazi hiyo niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka minne nyuma, bado nachuma chai na baba, na majirani walishaanza kumuuliza kama vyeti vyangu ni vya kufunikia sufuria.

Tuliitwa watatu pamoja. Mkubwa wa ofisi, mama mmoja wa miwani, akaniuliza mitandao naitumiaje. Nikajibu kifua mbele: "Every Sabbath after church I post my mother, and people like for me."

Kijana aliyeketi kando yangu, aliyekuja kuomba kazi ile ile, alicheka mpaka akashika meza. Mkubwa hakucheka. Aliniuliza tu, "Mama yako unamtia kwenye bahasha? Na stempu unambandika wapi?"

Wacha nikuambie, uso ulinichemka. Mimi, niliyekuwa nikisahihisha barua za Kiingereza za kijiji kizima! Lakini nikitulia nakubali: nilisema Kiswahili chetu cha simu kwa maneno ya Kiingereza. Sisi husema nimemposti mama, nilaikie picha, nishee. Mtu yumo ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa Kiingereza kumposti mtu ni kumtuma kwa posta kama barua; unaposti picha ya mama, na watu wanalaiki hiyo picha, basi. Ile "for me" yangu ilikuwa mgeni aliyekuja arusi bila kualikwa.

Mkubwa akatupa siku tano. Kila mmoja alete posti moja ya Kiingereza kuhusu chai, na itakayompendeza yeye ndiyo itampa mwandishi wake kazi.

Nilimkuta baba shambani, kikapu mgongoni. Nikamweleza yote, naye akasikiliza huku mikono ikiendelea kuchuma.

"Walikucheka kwa sababu yangu?"

"Walicheka Kiingereza changu, baba."

"Obee! Basi kirekebishe. Mimi nipo hapa hapa, siendi kwa bahasha yoyote."

Siku hizo nilisoma wenye lugha wanavyoandika na kunakili kwenye daftari. Wenyewe hawasemi "comment my photo", husema "comment on my photo". Si "reply me", ni "reply to me". Lakini "follow us" haitaki kitu katikati. Mtahini wangu alikuwa baba, ambaye Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. Nilikuwa namsomea sentensi tukichuma, na nikisita kidogo ananiambia, "Hapo umejikwaa, rudia." Na mara nyingi kosa lilikuwa pale pale!

Siku ya nne nilimpiga picha. Alikataa katakata kuvaa kitambaa cha kanisani, akataka kile cha shamba chenye madoa. Chini ya picha niliandika: "This is my mother. She picked the tea in your cup. If you like it, tell her in the comments. I will read her every one." Nikamgeuzia mwenyewe: huyu ni mama yangu, ndiye aliyechuma chai iliyo kikombeni mwako; ukiipenda mwambie kwenye komenti, nitamsomea zote.

Mkubwa aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza naweza kuanza lini. Kijana yule aliyenicheka alinipa mkono, na haki yake nimpe, aliutoa kwa moyo. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara kama mwenye mji. Kujivuna nilijivuna, sitaficha.

Wiki ile ile picha ikawekwa kwenye ukurasa. Jua likiwa bado juu ya migomba nilimkalisha baba mlangoni, nikamsomea komenti zote, nikizigeuza kwa Ekegusii chetu moja baada ya nyingine. Mtu mmoja wa mbali alisema amekunywa chai hiyo kila asubuhi bila kujua ni mikono ya nani. Baba akaigeuza mikono yake, akaitazama, vidole vyeusi kwa chai.

"Sasa hawa," akaniuliza, "wamelaiki picha, ama wamenilaiki mimi?"

Jibu la Kiingereza nililijua. Nilikuwa nimelinakili kwenye daftari na kulipigia mstari.

"Wewe, baba," nikamwambia. "Wamekulaiki wewe."