Gogo la Mazoezi Lililovishwa Kanzu

Nilimwagiza fundi wa milango hapa Dunda anichongee gogo la kung fu, lenye mikono mitatu na mguu mmoja, la kupigia mazoezi. Kitambi changu kilihitaji kutiwa adabu. Jana naingia harusini kwa jirani yangu, Bi Mwanaidi, nalikuta uani limetundikwa kanzu za bwana harusi!

"Huu ni wizi!" nilifoka mbele ya wageni wote. "Gogo ninalolipiga kila alfajiri mpaka mikono inavimba, leo mnaligeuza kabati?"

Bi Mwanaidi aliweka chini sinia la pilau.

"Shikamoo umeimeza, mwanangu, haya. Lakini gogo hili mkeo kaniazima tangu Ramadhani, naanikia kanga. Hiyo kila alfajiri unalipigia wapi?"