Chombo Kimepona

Kwa fundi mmoja wa mtaa wa Nyawera, mchimba dhahabu wa Mwenga aliweka mezani chombo cha kunusa gesi. Hakikuwa kinalia tena hewa ikiwa na sumu.

“Kimekula moshi mingi, papa,” fundi akasema. “Kiko najisafisha chenyewe kama kinapata hewa muzuri.”

Akakiweka dirishani. Baadaye akakipulizia moshi wa sigara, kikalia. Sisi wateja tuliokuwa tukingoja tukapiga makofi. Mchimbaji alikitazama tu.

“Nilikiachiaka bibi yangu na batoto betu. Balikuwa banafunga madirisha juu ya kuogopa masasi ya bunduki, mbabula, jiko ya makala ya moto, iko ndani. Moshi ikabaua. Hakikulia.”

Fundi akakizima.

Hewa safi huingia kwa dirisha lile lile linaloingiza risasi. Jioni milio ya bunduki ilianza mtaa wa Kadutu, nami nikafunga langu.