Kanzu Bila Sura

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kilembe, mwanangu, ambayo ningeuziwa tena ningelipa bila kuvutana bei. Nawe unanijua: hata chumvi ya Katwe huionja, nikabishana na muuzaji, kisha nikaionja tena.

Wakati huo mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia, ila kichwani nilikuwa kijana bado. Nilikuwa napiga picha za arusi. Wiki hiyo, sokoni Bwera, kijana mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliniwekea mkononi lenzi ya ajabu. Shingo yake ilikuwa ya mpira, unaipinda kwa vidole, nayo huona vizuri mahali pamoja tu. Pengine pote hupaka moshi.

"Yaya, hii haina ndugu yake Kasese yote," akasema, maana kwao yaya ni ndugu mkubwa. "Kamata, utanikumbuka."

Nilimshusha bei mara mbili, nikaondoka nikijiona mjanja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami niliikuta ikitembezwa, nisijiulize.

Arusi ilikuwa ya binti aitwaye Masika. Mama yake alinipokea mlangoni kabla sijafungua mfuko. Mwaka uliotangulia mto Nyamwamba ulikuwa umeingia nyumbani kwao ukaondoka na kabati, na ndani ya kabati picha zote za ukoo.

"Kameramani," akaniambia, "piga baba yangu vizuri. Sina hata sura yake moja. Bibi arusi ataonekana tu, kila mutu iko na simu ya kumupiga."

Nikasema, "Mama, usiwe na wasiwasi." Neno hilo ni rahisi mno, ndiyo maana tunaligawa bure.

Baba yake, Mzee Baluku, aliyewahi kuchimba shaba mgodini, alikuja na kanzu nyeupe na koti, akaketi kando ya mjukuu wake, wima kama mtu anayepimwa suti.

"Nicheke ama nisicheke?"

"Cheka, mzee."

Akacheka, meno yote yaliyobaki yakajitokeza. Nami, kipya kinyemi ingawa kidonda, nikaipinda ile shingo. Maua ya bibi arusi yakang'aa, mzee akayeyuka pembeni, nikaona uzuri mtupu. Hivyo hivyo, picha baada ya picha. Lenzi ya kawaida ilikuwa mfukoni, imelala.

Picha zilipotoka, Mama Masika alizipanga mezani, akazipitia, akazirudia.

"Baba iko wapi?"

"Huyu hapa, mama. Huu weupe ni kanzu yake."

"Sikuuliza kanzu."

Nikajitetea kwamba huo ndio mtindo, kwamba Kampala watu wanaulipia. Akazikusanya picha moja moja. Nikaahidi kurudi Jumamosi inayofuata kumpiga mzee upya, bure. Jumamosi ikaja na arusi nyingine Muhokya, yenye malipo. Nikajiambia mzee hakimbii. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu. Jumamosi ya pili haikumkuta Mzee Baluku.

Nilikwenda mazikoni. Juu ya jeneza waliweka picha, kama ilivyo desturi. Ilikuwa yangu: kanzu nyeupe, na juu ya kola, moshi. Watu walipita, wakainama, wakaikazia macho, wakaondoka. Mama Masika akanisogelea, akasema polepole, bila ukali:

"Mara ya kwanza sura za watu wangu zilichukuliwa na maji. Maji haina macho. Wewe ulikuwa nayo."

 

Lenzi ile bado ninayo. Akija mnunuzi namtajia bei ya kumfukuza.

Basi, mwanangu, ukiitwa kwenye shughuli ya watu, sikiliza kwanza wanachoogopa kukipoteza, ukitunze hicho kabla ya kuonyesha ufundi wako. Wazee watangulie, kwa lenzi inayomwona kila mtu. Kucheza utacheza baadaye, mwanga ukibaki. Na ukikosea, rudi siku ile ile. Usimpangie mzee Jumamosi. Majuto ni mjukuu, nami wangu nimemlea hadi amekuwa mtu mzima, na bado anakula kwangu.

Mungu akupe macho ya kumwona aliyeketi pembeni, na akuwekee wazee wako hadi uwafikie. Amina.