Nilivyomvika Mume Wangu kwa Jua la Marsabit

Mwishoni mwa miaka ya sitini, mume wangu, aliyekuwa bwana mifugo pale Homa Bay, alihamishiwa Marsabit. Kazi ilikuwa kuzunguka visimani kwa pikipiki ya serikali akichanja mbuzi na ngamia, jangwani kabisa. Nilitaka kwenda naye. Nilimwambia waziwazi, tena si mara moja. "Nyar Kuria," akasema, "wacha nione mahali kwanza. Nikiona pako sawa, nitakuita." Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ndivyo alivyoniita, maana yeye alikuwa Mjaluo na mimi nilitoka upande wa Migori. Kijaluo sikukijua, Kikuria hakukijua, basi nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, kila mmoja na kile alichotoka nacho kwao.

Kwa kuwa sikuchukuliwa, niliamua kwamba angalau nitamvika mimi.

Nguo za pikipiki tulizozijua zilikuwa za mvua: koti la mpira na buti za matope. Habari za jangwa alikuwa nazo jirani yetu mmoja tu, mzee aliyewahi kuendesha lori la jeshi huko kaskazini wakati wa vita. Mume wangu alikuwa amekwisha kujiamulia shati la mikono mifupi na kofia ya majani. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani unaenda kuoga ziwani? Funika kila kitu. Mkono, shingo, mpaka pua."

"Lakini mzee, huko si ni joto sana?" mume wangu akauliza.

"Joto ndio sababu. Upepo ya huko haipozi mtu. Inakukausha kama omena, hawa dagaa wetu."

Jumapili, kwa kuwa sisi Wasabato hatununui kitu Jumamosi, tulikwenda kwenye duka la Mhindi karibu na gati. Kulikuwa na kofia ngumu mbili, nyeusi inayong'aa na nyeupe iliyofifia. Mume wangu alikwisha kuipenda nyeusi. Nikaziweka zote mbili nje juani, tukaendelea kuangalia vitu vingine, kisha nikamwambia apitishe kiganja ndani ya kila moja. Aliutoa mkono kwenye ile nyeusi haraka, akanitazama kwa jicho la kushindwa. Nyeupe ilimpwaya kidogo, nikasema nitaijaza flana.

Koti ndilo lililotugombanisha. Alivaa la ngozi, akajigeuza mbele ya kioo, nami nikaona kweli amependeza, jambo lililonikasirisha zaidi. Nani angemwona huko, ngamia? Tukachukua la turubai laini, pana, la rangi ya vumbi. Nyumbani nililifungua chini ya makwapa nikashonea vipande vya chandarua ili upepo upite, kisha nikaweka viraka vya ngozi mabegani na viwikoni, akianguka asichunike. Tulinunua pia glovu za ngozi ya mbuzi, na miwani ya vumbi yenye mpira unaoshika uso. Kitambaa cha shingo nilikikata mwenyewe, cha kuloweka maji kabla ya safari. Shingo yake niliipima mara tatu. Mara moja ingetosha.

Akaenda. Barua zilikuja taratibu. Kofia sasa ilikuwa nyekundu kwa vumbi, kitambaa kilikauka kabla hajavuka bonde la kwanza, lakini vile vyandarua vya makwapani, alisema, ndivyo vilivyomweka hai. Nilizisoma nikitafuta neno moja tu, njoo, na halikuwamo. Badala yake, barua baada ya barua, mwishoni aliandika: "Ninakutafuta sana."

Neno hilo lilinichoma. Nilidhani kuna mtu amempelekea uvumi kwamba nimerudi kwetu. Basi nikawa namjibu kwa ukali: "Sijapotea. Niko hapa hapa uliponiacha. Muulize mama yako." Nilibandika stempu kwa hasira, na usingizi nao ukawa unanipita, kwa sababu nilimtamani mno mtu yule.

Mwaka wa pili ulikuwa unaelekea kwisha siku wifi yangu, dada yake, alipokuja kunisaidia kuanika omena. Mtoto wake mdogo alikuwa amekaa kivulini analia, amemnyooshea mikono, akisema kwa Kijaluo: "Mama, adwari! Adwari!"

"Anasema nini?" nikauliza.

"Ati ananitafuta."

"Anakutafuta vipi na anakuona?"

Wifi akacheka. "Ah, Kiswahili yenu! Ananitaka, basi. Anataka nimbebe. Kwetu kutafuta na kutaka ni neno moja."

Niliziacha omena juani, nikaingia ndani nikazitoa barua zote. Za mwanzo zote zilikuwa nalo. Tatu za mwisho ziliishia kwa wasalaam tu.

Kabla sijapata maneno ya kumwandikia, serikali ilimrudisha. Alishuka kwenye basi akiwa mwembamba, uso mweusi ti, isipokuwa duara mbili za miwani kuzunguka macho. Nilikuwa nimejifunza neno lile kwa siku kadhaa, nikilisema peke yangu nikiteka maji. Alipoketi kula nilisimama karibu na mlango, nikalitamka: "Adwaro."

Nilikosea mwisho wake, ile herufi moja inayosema wewe, likabaki natafuta tu. Aliinua kichwa kwa upole, kama mtu anayemjibu mgeni.

"Unatafuta nini?"

Nilimtazama. Kiswahili chetu hakikuwa na pa kuipitishia miaka miwili yote ile.

"Chumvi," nikamwambia.

Akainuka, akaanza kuitafuta.