Dirisha Nyuma ya Mzee Ansbert

Mzee Ansbert wa Chanika alikuwa na sauti, na alijua kwamba anayo. Miaka thelathini na moja ya ukarani mahakamani alikuwa akisoma mashtaka, na alivyoyasoma, hata mwizi wa kuku alijiona mtu wa maana. Alipostaafu akajenga Chanika, vyumba vinne na dari ya jipsamu, sauti akaihamishia kanisani. Watani wakamwita Nshomile, kama wanavyoitwa Wahaya waliosoma na wanaotaka ijulikane kwamba wamesoma. Alijifanya kukasirika, lakini mtu akipita wiki nzima bila kumwita hivyo, alimuuliza kama anaumwa.

Jumuiya ikampa uenyekiti. Basi hapo ndipo mtu unapomjua mtu, jamani. Kwa Wakatoliki wa huku, mwenyekiti wa jumuiya si cheo cha kuchezea. Jumamosi mnasali nyumba kwa nyumba, yeye ana daftari la mahudhurio, na asiyesali jumuiya hapati huduma. Ukitaka ndoa, ukitaka mwanao abatizwe, unapita kwanza kwa mwenyekiti atie saini.

Desemba hiyo parokia ikatangaza kwamba kila jumuiya irekodi video, mtu mmoja asome kwa sauti habari ya kuzaliwa Mtoto Yesu. Video zote zingeoneshwa ukumbini Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli, na itakayopendeza kuliko zote iwekwe mtandaoni dunia nzima iione. Jumuiya nyingine zilipiga kura kumpata msomaji. Ya Ansbert haikupata nafasi hiyo.

"Msomaji si anajulikana?" alisema Ansbert mwenyewe, na kikao kikafungwa kwa sala.

Walirekodi Jumamosi asubuhi, sebuleni kwake, watu wamebanana kwenye makochi na mkekani. Simu ilikuwa ya Sesilia, katibu wa jumuiya. Ansbert alivaa suti ya kijivu aliyoagwa nayo kazini, akataka kiti kiwekwe mbele ya dirisha la ubavuni ili pazia jipya la mkewe lionekane, limefungwa huku na huku kama la harusini. Wakawasha taa zote. Mara ya kwanza jogoo aliwika. Mara ya pili simu ya mtu ikalia, na mwenyewe akahangaika kuizima mpaka ikakatika yenyewe. Mara ya tatu akalia mtoto wa Lusungu.

Huyu Lusungu alikuwa msichana wa Mbeya, amepanga chumba kimoja kule bondeni. Mumewe fundi ujenzi huko Mikocheni, anarudi Jumapili moja, nyingine harudi. Mtoto alikuwa na wiki sita. Kwa ajili ya uzazi Lusungu alikosa jumuiya Jumamosi tatu, na alipopeleka fomu ya ubatizo, mtoto abatizwe siku ya pili ya Noeli, Ansbert alifungua daftari, akamwekea kidole pale.

"Binti, una misalaba mitatu mfululizo. Mie nitasaini nini? Njoo nikuone jumuiyani kwanza."

Ndiyo maana alikuwapo, na kichanga mgongoni, mvua ikianza kudondoka. Mara ya nne Ansbert alikuwa amefika pazuri kabisa, mtoto akaangua tena.

"Aah! Mama, hebu tupishe kidogo na huyo mtoto," Ansbert alisema. "Nje hapo, tumalize."

"Baba Revelian, mvua hiyo," mkewe akanong'ona.

"Kwani nimemfukuza? Si baraza lipo?"

Lusungu akainuka, akavuta kanga, akatoka taratibu asimkanyage mtu. Sote tunajua ilivyo, mwenyekiti akishasema, kila mtu hutazama kucha zake.

Mara ya tano, watu wote wameinamisha vichwa kama kwenye sala, ikawa yenyewe. Mvua ilipokolea, Ansbert alipandisha sauti kidogo tu, ikaishinda. Alipofika pale mama mjamzito anapozungushwa mlango hadi mlango na hakuna anayempa pa kulala, aliishusha, akaitetemesha, na machozi yakamlenga kwelikweli. Walipomaliza wakapiga makofi. Akavaa miwani, akafungua daftari, akapitisha macho sebuleni mtu mmoja mmoja. Kwenye jina la Lusungu akatia msalaba wa nne, akafunga. Wala hakuwa na chuki naye. Hakumwona sebuleni, akaandika alichoona.

Jumapili ukumbi wa parokia ulifurika. Walitundika shuka jeupe ukutani, wakafunga madirisha, projekta ikawashwa. Ansbert alikaa safu ya mbele, Sesilia pembeni yake. Jumuiya ya kwanza msomaji wao alisoma kama anafukuzwa na mbwa. Ya pili alisahau kuvua kofia. Ansbert aliwahurumia kwa kutikisa kichwa. Leso aliitoa mapema, maana alitaka watu watakapoanza kulia wamkute naye ameguswa.

Ikaja yake. Uso wake ukajaa ukuta mzima, sauti ikatoka kwenye spika, na ukumbi ukatulia. Alisikia raha mpaka kwenye magoti. Kisha nyuma mtu akacheka. Akacheka wa pili, halafu safu nzima.

"Yule dirishani nani?" mtu akauliza.

Kwenye simu dirisha lile lilikuwa dogo kama stempu. Pale ukutani lilikuwa kubwa kama mlango, na katikati ya pazia alisimama Lusungu, nje, mvuani. Alikuwa amejifunika beseni la bluu la Mama Revelian kichwani kama kofia. Mtoto alikuwa kifuani ndani ya kanga. Maji yalichuruzika ukingoni mwa beseni yakimwingia mgongoni, naye alikuwa amenyoosha shingo akichungulia ndani. Beseni ndilo lililowachekesha watu.

Halafu sauti ya Ansbert ikafika mlango hadi mlango. Ikashuka, ikatetemeka vizuri sana. Mama yule hana pa kulala, wenye nyumba wanamwambia nafasi hakuna, na nyuma ya bega la msomaji, Lusungu anahamisha mguu kwenye tope, anampuliza mtoto usoni.

Hakuna aliyecheka tena. Ansbert alikuwa bado na leso mkononi.

"Sikumwona, mzee," Sesilia alinong'ona. "Haki ya Mungu, kwenye simu sikumwona."

Nyuma huko Bibi Atuganile wa kwaya, mwanamke asiyejua kunong'ona, akasema, "Ee! Kumbe mwenye ile nyumba ya wageni tunaye humuhumu!"

Ansbert aliona aibu, jamani. Na video ilikuwa bado inaendelea. Angeweza kumnyamazisha mtu yeyote ukumbini mle, lakini yule wa ukutani alizidi kusoma kwa madaha, dakika mbili nzima, na Ansbert alimchukia kama mtu baki. Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Taa zikawashwa, ikawa mbaya zaidi, maana sasa kila mtu alimwona.

Akajishika na kitu kimoja tu alichokuwa nacho. Akasimama, akageuka.

"Baraza lilikuwapo!" alisema. "Kavu kabisa. Nani alimwambia akasimame mvuani? Kuna mtu alimwambia?"

Kwa kweli lilikuwa swali la haki, na watu wawili watatu wakatazamana. Mbona hakukaa barazani?

Lusungu alitoka safu za nyuma, mtoto mgongoni, fomu ya ubatizo mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Alipofika mbele akapiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo mzee. Naomba mnisamehe, nimewaharibia video yenu."

Ansbert hakuitikia shikamoo. Alisahau.

"Barazani ungekuwa hunioni, mzee," Lusungu aliendelea. "Nikasema nisimame dirishani, ukiandika mahudhurio ujue nipo. Ulinigeuzia mgongo, lakini nilijua mwishoni lazima utageuka." Akainua macho. "Uliniona, eti?"

Ansbert aliwahi kuona watu wengi kizimbani wakiulizwa swali la namna hiyo. Waongo huwahi kujibu.

"Sikukuona," alisema. "Nimeandika hukuwapo."

Msichana akainamisha kichwa. Hakuonyesha hasira, na ingekuwa afadhali angeonyesha. Akakunja ule mfuko wa nailoni mara mbili, akautia kifundoni mwa kanga.

"Basi mzee, nitakuja Jumamosi ijayo," alisema. "Mtoto nitamwacha nyumbani, asiwasumbue."

Mama mmoja safu ya pili akaanza kulia. Ansbert alimshika Lusungu mkono asiondoke, akamwomba fomu, akaisaini pale pale juu ya goti lake, kalamu ikitoboa karatasi. Alipomrudishia, binti wa watu akapiga tena goti, akamshukuru, akamwombea baraka. Kila neno la shukrani lilimchoma.

"Nisamehe, mwanangu," Ansbert alisema.

Lakini neno lilitoka dogo, hata Sesilia pale pembeni hakulisikia vizuri.

"Mzee, sauti!" Bibi Atuganile alipaza kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

Ikabidi alirudie.